Sahani ya Bi Hadia

Nchi za ukanda ziliposaini mkataba wa biashara na kuliacha nje Dola la ng'ambo, Dola halikununa. Liliziacha serikali na mkataba wao, likaanza kusaini na nyumba, moja baada ya nyingine.

Nyumba ya kijana aitwaye Msimu, huko Tanga, ilisaini mapema. Ikapata jiko, friji, mlango mpya na vyakula vyote kwa bei ya kutupa. Sharti lilikuwa moja tu: chakula cha Dola kisipelekwe kwenye nyumba isiyosaini. Mlango wenyewe ndio uliokagua.

Ramadhani ilipoingia, jirani yake, Bi Hadia, alimletea sahani ya vitumbua kama kawaida yake. Kesho yake Msimu akaijaza wali ili airudishe. Mlango ukagoma kufunguka. Akapunguza wali, ukagoma. Akaweka tende, ukagoma. Mwishowe akaiosha, na mlango ukafunguka.

Bi Hadia aliipokea, akaitazama.

"Tangu lini sahani ikarudi tupu, mwanangu?"

"Mlango umekataa, mama."

"Mlango!" alisema Bi Hadia, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata mafundi wa Dola walikuwa kwake, wanafunga mlango mpya.

"Ningefanyaje?" Bi Hadia alimwambia Msimu. "Nifuturu peke yangu kama mgeni?"

Jioni sahani ikaja imejaa wali. Msimu akaonja. Ulikuwa wali uleule aliokuwa nao jikoni, ladha ileile, hata chumvi haikuzidi. Akapakua wa kwake, akaenda kuirudisha sahani.

Mlango ulifunguka kabla hajaugusa.