Upande Uliobaki

Tunu alikuwa amemaliza kumsuka Siwema upande mmoja wa kichwa wakati kichekesho cha saa kumi kilipoanza kwenye runinga ya saluni. Mama Kelele, bibi wa kichekesho hicho, akaingia kwa kuanguka, kama kawaida yake, kibogoyo, kilemba kikimziba macho.

"Bibi huyu kanichosha," alisema Tunu. "Kazi kuanguka tu."

"Si wamuue tupumzike?" alidakia mteja aliyengoja zamu. "Eti dada, wewe anakuchekesha?"

Siwema alijitazama kiooni. Bila kilemba kile, na bila meno kupakwa weusi, hakuna aliyewahi kumtambua kuwa ndiye Mama Kelele.

"Hanichekeshi," alisema. "Na wameshamtoa. Leo asubuhi."

Tunu akapiga kigelegele, kitana mkononi. "Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo wakimwambia."

"Ehe! Alilia?"

"Bado."

Tunu na mteja wakacheka mpaka huyo mteja akajifuta machozi. Kisha Tunu akamshika Siwema kichwa kwa mikono miwili, akakigeuzia kwenye runinga ili aupate vizuri upande uliobaki.

"Tulia hapo hapo, shoga. Usiinamishe kichwa."

Mama Kelele akaanguka tena.