Nyama ya Watu Wawili

"Mtu mmoja simhudumii, binti. Nyama ya kuchoma hapa huagizwa ya wawili," alisema mama mwenye mkahawa.

Tangu afike Busan, Korea, asubuhi, Marit alikuwa akirudishwa mlangoni hivyohivyo. Akatua begi lake la mgongoni kwenye kiti cha pili.

"Mwenzangu anakuja."

Mama akapanga vijiko viwili, akajaza bilauri mbili, lakini jiko la mezani hakuliwasha. Alaye huku mwenziwe yuko njiani hana adabu.

Kimchi, kabichi ya pilipili ya kusubirishia, ikaisha, ikaletwa nyingine.

"Mumeo ana mafua nini? Wanaume wa huku wangeshainusa nyama toka stesheni! Hebu mpigie."

Mama hakuondoka. Alisimama palepale, mkasi wa kukatia nyama mkononi, akingoja. Marit akabonyeza namba pekee iliyokaa kichwani mwake.

Ndani ya begi ikalia simu ya marehemu mumewe, ile anayoichaji kila anapolala.

Ililia mpaka ikakata. Mama akaliangalia begi, akauangalia uso wa Marit. Akawasha jiko. Kipande cha kwanza kilipoiva akakikata vidogovidogo, akakiweka mbele ya begi.

"Karibu, baba. Mkeo amekungoja sana."