Kombe la Kanga

Msishangae, wanyama wa bondeni nao wana simu. Msimu mmoja waliamua kumtuza kombe anayetumia simu yake kuwafaa wenzake kuliko wote, wakamteua Mbuni kuwa jaji.

Tausi alikuja na hotuba ndefu na picha zake: Tausi akigawa mtama, Tausi akimkumbatia yatima. Kanga, ambaye kutwa alilijaza kundi lao ujumbe wa "Daraja limevunjika!" na "Nani ana dawa ya kikohozi?", alikuja na simu yake tu.

"Zimeni simu zote," Mbuni akaamuru.

Tausi ndiyo kwanza anasafisha koo, simu ya Kanga ikalia.

"Kanga! Hata leo?" Mbuni akafoka.

"Niwie radhi, mheshimiwa. Maji yameingia kwa Mama Fuko, na watoto wamo ndani!"

Ukumbi ukabaki mtupu. Mbuni mwenyewe alitimua mbio, kombe likiwa kwapani, na ndoo zilipopungua likatumika kuchotea maji. Hata Tausi alichota, na hakuna aliyekumbuka kumpiga picha. Watoto wa Fuko wakatolewa wazima, wametapakaa tope hadi masikioni, vigelegele vikapasua bonde.

"Kombe ni la Kanga!" Mbuni akatangaza, akihema. "Haya, liko wapi tumkabidhi?"

"Subiri kidogo, mheshimiwa," Kanga akamwambia. "Kitindamimba wa Mama Fuko bado anaogeshwa humo."