Nondo Aliyenukia Nyumbani

Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Asiyeamini akauulize mzinga.

Bi Shaka alikuwa nyuki wa mlangoni, hakiamini hata kivuli chake. Kwenye mzinga wa jirani, Nondo, yule mdudu kama kipepeo wa usiku, alikuwa ameingia akataga mayai, watoto wake wakatafuna masega yote, nyuki wakahama.

Jioni moja nyuki wakirudi kutoka kazini, Nondo naye akajipenyeza katikati yao. Alikuwa amejigaragaza kwenye nta iliyodondoka chini ya mzinga.

"Hodi, dada! Mimi ni wa humu humu."

"Simama hapo! Mbona tumbo kubwa hivyo?"

"Nimeshiba tu. Ninuse basi!"

Bi Shaka akamnusa kichwa hadi mkia. Kweli, alinukia mzinga tu. Nyuki wa nyuma wakanung'unika, "Loo! Leo unamzuia hata ndugu yako?"

Bi Shaka akauliza, "Umetoka wapi?"

"Kwenye maua, dada."

"Wenzako wote wananukia maua. Wewe unanukia nyumbani tu. Mtu atoke shamba anukie kitanda?"

Nondo akageuka aruke. Wale wale walionung'unika ndio waliokuwa wa kwanza kumchoma.

Mimi siku hizi nikipita pale, najinusa kwanza.