Wasomaji wa Makali

Kisu cha nne kilikuwa cha mtu mvivu, na Mwanasha hakulifumba hilo.

“Mwenyewe hunoa huku akitazama televisheni,” alisema, akipitisha ukucha taratibu juu ya makali. “Upande mmoja ameukumbuka, wa pili ameusahau.”

Ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni pale Kinondo ukajaa kicheko. Kahaso, mwalimu aliyeteremka kutoka Kwale, aliinua mkono kukiri kosa.

Ndiyo kwanza wakutane ana kwa ana. Kwa miaka miwili watu hawa wanane, wakusanyaji wa visu, walikuwa wakitumiana picha kwenye kundi lao la WhatsApp na kubishana juu ya mipini na ala kama watu wanaogombea shamba. Leo, Jumapili asubuhi, kila mmoja alikuja na kisu chake amekifunga kitambaa. Mchezo wao ulikuwa mmoja: kisu huwekwa mkekani, na msomaji huyatazama makali akasema yalinolewa na mtu wa namna gani.

Katika hilo Mwanasha hakuwa na mpinzani. Marehemu baba yake alikuwa mchinjaji Msambweni kwa miaka arubaini, na aliwafundisha kunoa, yeye na kaka yake Abubakar, kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Kisu cha kuchinjia hunolewa chote, toka ncha hadi mpini, ukucha upite bila kukwama. Ukiacha butu hata pahala padogo mnyama atateseka, na kwa kosa hilo mzee alikuwa hasamehe mtu.

“Na mzee naye anajua kazi hivyo?” aliuliza Lewis, mpishi wa hoteli Diani, mtu wa bara mwenye maneno mengi. Alikuwa akimtazama Sefu, mume wa Mwanasha, aliyekuja kumsindikiza tu.

“Mimi humnolea kisu cha jikoni kila Ijumaa,” Sefu alijibu kwa majivuno. “Shukrani sipati.”

“Utazipata siku utakayonoa mpaka mwisho,” alisema Mwanasha. “Mtu mzima ananolea kwenye ngazi ya jikoni! Mpini wagota kwenye simenti, basi hapa shinani, karibu na mpini, hapaguswi. Vitunguu nakatia ncha.”

Wakacheka tena, na Sefu akacheka kuliko wote. Mwanasha alimpenda kwa hilo. Mume wa kutaniwa mbele za watu asinune hapatikani kila siku, na ni huyu huyu aliyemshika mkono alipofiwa na baba yake.

Ukweli ni kwamba Mwanasha hakujiunga na kundi kwa ajili ya kukusanya visu. Alikuwa akikitafuta kimoja. Kisu cha baba yake, chenye mpini wa mpingo na pete tatu za shaba, kilitoweka siku ya pili ya matanga, miaka mitatu iliyopita. Sefu ndiye aliyemwambia, kwa shingo upande, kwamba alimwona Abubakar akitoka chumbani kwa marehemu ameficha kitu ndani ya kanzu. Abubakar aliapa kwa jina la Mungu, akalia kama mtoto. Mwanasha alimfungia mlango. Bintiye alipoolewa, mjomba mtu hakualikwa. Ilimuuma, na ingali ikimuuma, maana hakuwa na ndugu mwingine.

Lewis akaweka furushi lake mkekani na kulifungua.

Mwanasha aliziona pete kwanza. Zilikuwa tatu, na ya katikati ilikuwa na ufa.

“Umekipata wapi hiki?”

“Kwa dalali mmoja pale Ukunda, mama. Miaka mitatu sasa. Sijawahi kutuma picha yake kundini, wala kukiweka kwenye kinoo. Dalali aliniambia aliyekileta alikinoa mwenyewe kabla ya kumuuzia, nikakiacha tu hivyo.”

“Jina lake hakulitaja?”

“Hakutaja.”

Mwanasha aliwaeleza kwa maneno machache kisu kile kilikuwa cha nani. Jina hakuwa na haja nalo. Makali ya Abubakar angeyatambua hata akifumbwa macho, kwa kuwa mikono yao ilifundishwa na mtu mmoja. Angeyasoma mbele ya mashahidi hawa, kisha leo hii hii aende Msambweni akamwambie kaka yake usoni kwamba yeye ni mwizi wa vitu vya maiti.

Sefu alimwinamia sikioni. “Visu vya namna hii ni vingi, mke wangu. Hebu twende zetu, jua linapanda.”

“Ngoja nikisome.”

“Miaka yote hii! Ya nini kujitonesha? Abubakar tumwachie Mungu wake.”

“Nimesema ngoja, Sefu.”

Alikichukua kisu na kukigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mikwaruzo ilikuwa mipana, imekwenda upande. Kinoo cha baba yake hakikuacha alama za namna ile. Aliweka ukucha kwenye ncha, akaupitisha polepole, ukaenda vizuri mpaka ilipobaki kama inchi moja kufika kwenye mpini. Hapo ukateleza juu ya butu. Akarudia. Ukateleza pale pale, upana wa kidole gumba.

Alikigeuza upande wa pili, akapapasa hapo kwa muda mrefu.

“Tusomee basi, dada,” Kahaso alimhimiza kwa upole. “Ni mtu gani huyo?”

Mwanasha alikirudisha kisu mkekani, mpini ukimwelekea mumewe.

“Sefu,” alisema bila kuinua macho, “kwa nini hukunoa mpaka mwisho?”