Jino la Kiboko

Kiboko alikuwa anaumwa jino kwa wiki ya tisa sasa, na hakuna aliyetaka apone haraka kama mpiga pasi.

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba kama kola ya shati. Kurasa ishirini na nne, na nusu yake picha. Kiboko anaumwa jino, anamwogopa daktari, anapelekwa kwa daktari. Basi. Mtu angeweza kukimaliza huku akisubiri pasi ipate moto.

Kila Alhamisi saa tisa mama huyu mpiga pasi aliacha mashati ya watu kwa dobi alikoajiriwa, akavuka barabara, akaingia maktaba ya watoto kujitolea kuwasomea. Utaratibu wa pale ulikuwa mwepesi: msomaji anapewa kundi moja na kitabu kimoja. Kikiisha, anatia sahihi, anaaga, na Alhamisi inayofuata anakuja msomaji mwingine. Kinyozi alimaliza chake kwa wiki mbili. Fundi saa, mzee wa watu asiyeona hata kidole chake, wiki tatu.

Yeye alikuwa wiki ya tisa, na kiboko hajafungua kinywa.

"Hivi, Shangazi," msimamizi wake wa kwa dobi alimwambia mchana wa Alhamisi hiyo ya tisa, mikono kiunoni, "hicho kitabu kina juzuu ngapi?"

"Kimoja tu, bosi. Tena kidogo."

"Ruhusa nilikupa ya wiki tatu. Leo ndiyo mwisho. Alhamisi ijayo ukivuka hiyo barabara, pasi yako anaishika mtu mwingine."

Mwenzake wa meza ya pili akacheka ndani ya mvuke. "Labda hawampendi, bosi. Watoto wana macho."

Neno hilo lilimfuata hadi ng'ambo ya barabara, maana hata yeye alikuwa ameshaliwaza.

Wiki ya kwanza Kibogoyo, mdogo kuliko wote, miaka mitano na hana hata jino moja la mbele, alitaka kujua kiboko hupiga mswaki kwa mguu upi. Ubishi ulikula saa nzima. Wiki ya tatu miwani yake ilipotea, ikaonekana ndani ya ndoo ya kudekia, wakati saa ya kusoma imeshakwisha. Wiki ya tano watoto sita waliumwa tumbo kwa pamoja, wakapona kwa pamoja. Wiki ya saba alisimama Mwanasheria, binti wa miaka kumi na moja aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake. Akasema wamesahau mwanzo, na si haki kumpeleka kiboko wa watu hospitali wakati wasikilizaji hawajui jino lilianza kuuma lini. Wenzake wakapiga makofi. Wakarudi ukurasa wa kwanza.

Kila akirudi nyumbani mpiga pasi alijiuliza: ni sauti yangu? Nanuka wanga wa mashati? Miaka thelathini hajawahi kuacha shati limepigwa pasi mkono mmoja, leo anashindwa na kitabu cha picha!

Siku hiyo aliingia bila salamu ndefu. Miwani ameifunga kamba shingoni.

"Sikilizeni. Leo hakuna maji, hakuna choo, hakuna tumbo. Mwenye kutaka kuumwa aumwe kimyakimya."

"Sawa, Shangazi Pasi," akajibu Mwanasheria kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. "Wewe soma tu. Leo sisi hatuna neno."

Akasoma kama mtu anayefukuzwa. Ukurasa wa kumi, wa kumi na mbili, wa kumi na tano. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyeinua mkono. Kiboko akaingia kwa daktari, akakalia kiti, kiti kikavunjika. Kibogoyo akaanza kucheka, Mwanasheria akamtazama mara moja tu, kicheko kikafa.

Mpiga pasi alisikia sauti yake mwenyewe ikizunguka chumbani. Wiki nane aliomba kimya hiki, na sasa amekipata kinamkera kuliko zile kelele. Wamechoka, akajiambia. Wanangoja nimalize niende zangu.

"Daktari akavaa glavu," akasoma. "Akasema, haya baba, fungua kinywa."

Ukurasa wa ishirini na mbili. Akalamba kidole, akafunua.

Jalada.

Akarudisha, akafunua tena. Karatasi ya mwisho haikuwepo. Kwenye mshono kilibaki kipande chembamba kilichochanika, chapya, cheupe.

"Nani kachana?"

Watoto kumi na wawili wakaangalia sakafu kama vile jibu limeandikwa huko.

"Nauliza, nani kachana?"

Mpiga pasi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, ingawa miwani haikuwa na kosa. Kisha akakifunga kitabu, akakiweka mezani taratibu.

"Haya, mmeshinda. Kama hamnitaki, si mngeniambia tangu wiki ya kwanza? Ningewaachia kiti aje mnayempenda. Kwa heri. Sirudi tena."

Akatwaa mkoba wake. Alishafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, ndipo Kibogoyo alipoangua kilio, akamrukia Mwanasheria na kumvuta sketi kwa mikono miwili.

"Mwongo wewe! Si ulisema kitabu kisipoisha, Shangazi haendi popote?"