Mashine Haina Ndugu

Kandida alifuta neno moja, akaandika jingine, kisha akangoja kompyuta ipige kelele. Haikupiga. Neno jipya lilitulia pale kama mwenyeji.

Zamani majibu ya damu yalitoka maabara ya mjini ndani ya bahasha, na ukifuta kitu kwenye karatasi, kovu linabaki. Mwaka ule wa 2001 zahanati yao ya binafsi pale Olasiti ilikuwa imeingia mambo ya kisasa. Majibu yalikuja kwa barua pepe kupitia waya wa simu, bila majina, namba tu, na kazi ya Kandida ilikuwa kuyanakili kwenye cheti na kukichapisha. Daktari Ebenezer alijisifu kwa kila mgeni.

"Bahasha zilikuwa zinafunguliwa na mashangazi njiani," alisema. "Mashine haina ndugu."

Kweli, mashine haikuwa na ndugu. Lakini karani wake alikuwa na mtoto. Namba 417 Kandida aliiandika daftarini kwa mkono wake mwenyewe, siku mwanawe Derick alipokuja kupimwa UKIMWI kwa ajili ya ndoa. Padre hakufungisha ndoa bila vyeti vya wote wawili, harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na pombe ya mbege ilishaagizwa. Maabara walikuwa wameandika CHANYA. Mjane mwenye mtoto mmoja duniani akaandika HASI. Daktari alisaini huku akiongea na mgonjwa, muhuri ukagongwa, basi.

"Nitamwambia baada ya harusi," alijiambia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kwamba Lydia, mchumba wa Derick, naye alikuwa mwana wa mtu, hilo alilisukuma pembeni.

Lakini Lydia hakusukumika. Kesho yake mchana alifika zahanati mwenyewe, moja kwa moja kutoka shule aliyokuwa akifundisha Usa River.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Gauni litakuvuka."

Lydia alitabasamu kidogo. "Derick kaniambia majibu yake yametoka."

Kandida akamwonyesha cheti. Binti alikisoma muda mrefu mno kwa karatasi ya mistari minne, kisha machozi yakamtoka. Ni ya furaha, Kandida alijiambia.

"Mama, hii kompyuta haiwezi kukosea?"

"Mashine haina ndugu, mwanangu. Haikosei."

"Hata kidogo? Hawawezi kumpima tena?"

Kandida aligonga kidole juu ya cheti. "Wasiwasi wa nini? Huoni muhuri?"

"Sina wasiwasi." Lydia alijifuta macho. "Mimi, hata angekutwa navyo hivyo virusi, ningeolewa naye tu. Nilishamwambia Mungu hivyo."

Kandida alitamani ardhi ipasuke. Ili kusema chochote, akauliza cheti cha Lydia mwenyewe kiko wapi.

"Kipo Moshi kwa dada yangu, ndiko nilikopimia. Kitakuja."

Jumapili, wenzake walipojipanga kwenda kupokea komunyo, Kandida alibaki kwenye benchi. Jirani yake Anneth alipomgeukia, alisema jino linamsumbua. Sijui ni jino gani hilo linalomzuia mtu kumeza hostia, lakini Anneth hakuuliza zaidi. Mbele, Lydia alikuwa akiimba na kwaya, na kila alipofungua kinywa Kandida aliinamisha kichwa. Nampeleka mtoto wa watu motoni, aliwaza, na anakwenda anaimba.

Hakulala vizuri siku nne. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua tangu utoto, ila haikuwahi kumwambia habari za mtu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Alhamisi alishindwa. Ujumbe wa maabara ulikuwa bado umo ndani ya kompyuta, haujaguswa. Aliuchapisha kama ulivyo, akaukunja, akautia kwenye pochi, akaomba ruhusa ya kutoka mapema. Angeanza na Derick, halafu Lydia, halafu padre. Kazi ikiondoka, iondoke.

Alimkuta Derick amekaa kizingitini na ovaroli yake ya gereji, macho mekundu.

"Lydia kaondoka, mama. Kapanda basi asubuhi, sijui Dar, sijui Mwanza. Kanirudishia pete. Namuuliza nimekosa nini, analia tu." Akamnyooshea bahasha. "Kasema usome wewe peke yako."

Amejua, Kandida aliwaza. Alishikwa na aibu, lakini chini ya aibu ile alisikia kifua kinalegea kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ya juma lililopita. Angalau mtoto wa watu alikuwa amepona.

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha Moshi kilichokunjwa, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule.

"Anasemaje?" Derick aliuliza.

Kandida aliifungua karatasi ya daftari.

"Mama, nisamehe. Usimwambie Derick, mwache anichukie. Mwezi mzima nimekuwa nikimwomba Mungu kitu kibaya: naye akutwe navyo kama mimi, tuoane, tuuguzane. Lakini mashine haina ndugu, imesema yeye ni mzima. Siwezi kumuua mtoto wako."